Buni Inayokaushwa na Ganda Lake

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Iringa. Huo ndio mji mkubwa wa wilaya ya Mufindi, nao umekaa juu ya uwanda ulioinuka karibu mita 1,900 juu ya bahari. Katika miezi ya Juni na Julai baridi yake huuma. Watu hujifunika makoti tangu alfajiri, na katika mabonde umande huweza kuganda juu ya nyasi ukawa mweupe kama unga. Kando ya barabara msafiri huona misonobari ya Sao Hill na magari yaliyojaa mbao, na akigeukia upande wa kusini mashariki hukuta chai imelala juu ya vilima. Kahawa haioni upesi. Iko, lakini ni kidogo, nyuma ya nyumba za watu, kando ya mahindi na miparachichi. Nchi yenye kahawa nyingi iko mbele yake, huko Mbeya na Rungwe, na huko Mbozi na Ileje, wilaya ambazo tangu mwaka 2016 zimo katika mkoa wa Songwe.

Mti wa kahawa huitwa mbuni, na tunda lake ni buni. Maneno haya yalitoka kwa Waarabu, na neno kahawa ni la kwao pia. Watoto wengine hucheka wasikiapo mbuni, kwa maana mbuni ni yule ndege mkubwa asiyeruka. Lakini mti na ndege hawana undugu, na wingi wao huwatenganisha: ndege wengi ni mbuni, miti mingi ni mibuni. Asili ya mibuni ya arabika, ndiyo ipandwayo milimani, ni misitu ya Ethiopia. Kutoka huko ilivuka Bahari ya Shamu mpaka Yemeni, na katika karne ya 15 watawa wa Kiislamu wa nchi ile walikunywa kahawa ili wasisinzie katika ibada ya usiku. Kwetu Afrika ya Mashariki wamisionari waliipanda katika bustani zao: mapadre wa Bagamoyo, kisha wa Kilema katika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19. Katika nyanda za juu za kusini Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899, na kahawa ikaja nyuma ya misheni na walowezi, mpaka wenyeji wakaifanya kuwa mali yao.

Yafaa kulijua tunda lenyewe kabla ya kulizungumza soko lake. Buni changa ni ya kijani. Ikiiva huwa nyekundu sana, na kwa aina chache huwa manjano. Mtu akiibinya kwa vidole, ganda hupasuka na punje mbili huruka nje, zimefunikwa na ute utelezao. Mtoto akizitia kinywani huonja utamu kama wa asali iliyochanganywa na maji. Chini ya ute iko ngozi ngumu yenye rangi ya karatasi, na chini ya ngozi utando mwembamba sana, ndipo punje yenyewe. Punje mbili hukaa zikitazamana, kila moja bapa upande wa mwenzake. Mara nyingine moja hufa ingali changa, na ile iliyobaki huijaza nafasi yote ikawa ya mviringo. Punje hizo za mviringo huchambuliwa na kuuzwa peke yake, na zile za Tanzania zinajulikana na kupendwa Marekani.

Wahaya wa Bukoba waliijua buni zamani sana kabla Mzungu hajafika, ingawa yao ni ya namna nyingine, iitwayo robusta. Huichuma ingali ya kijani, huichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, huikausha, na mgeni akiingia nyumbani hupewa atafune. Tena zamani watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa damu walitwaa buni moja yenye punje mbili. Kila mtu aliipaka punje yake damu yake mwenyewe, kisha akala ile ya mwenzake. Kwa maana punje mbili zilizokaa katika ganda moja zilikuwa mfano wa watoto wa tumbo moja.

Baada ya kuchumwa, buni yaweza kupita njia mbili. Njia ya kwanza ni ya maji. Siku ile ile ya kuchumwa hutiwa katika mashine ya kumenyea, ganda likatoka na punje zikabaki na ute wake. Punje huvundikwa katika birika siku moja au mbili mpaka ute uachie. Kisha huoshwa kwa maji mengi safi na kuanikwa juu ya vichanja, na kwa muda wa wiki moja au mbili huwa zimekauka. Njia ya pili haina mashine wala birika. Buni huanikwa nzima, na ganda lake na nyama yake na ute wake, mpaka yote ikauke pamoja na kuwa nyeusi kama zabibu kavu. Hapo ndipo hukobolewa. Njia hii ni ya kale kuliko ile ya maji. Ndivyo wafanyavyo watu wa Yemeni hata leo, na wengi wa Ethiopia na Brazili, na ndivyo ikaushwavyo robusta ya Kagera. Bali arabika ya milima ya Tanzania kwa kawaida huoshwa.

Kwa miaka mingi wakulima wa arabika walifundishwa kuidharau njia hii ya kukausha, na mabwana shamba waliowafundisha hawakukosea. Iliyokuwa ikianikwa na ganda ni masazo tu: buni zilizoanguka chini, zilizokauka mtini, zilizotobolewa na wadudu, na zile za kijani zilizokwanyuliwa ovyo siku ya mwisho ya mavuno. Zilimwagwa juu ya udongo mtupu. Kuku wakazichakura, mbuzi wakazikanyaga, umande ukazilowesha usiku na jua likazikausha mchana, kisha umande tena. Huko Kenya kahawa ya namna hiyo imepewa jina lake, nayo huitwa mbuni, na mnunuzi asikiapo jina hilo hutoa bei ya chini. Lakini ukitazama vema utaona kwamba kahawa ile ilikuwa mbaya tangu ilipookotwa. Hakuna aliyewahi kuzichagua buni zilizo bora shambani akazianika nzima kwa uangalifu, ili aone zitakuwaje.

Siku hizi wako wanaofanya hivyo. Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani wametokea wanunuzi watafutao kahawa yenye ladha isiyo ya kawaida, nao huilipia zaidi. Waonjaji wao husema kwamba kahawa iliyokaushwa vizuri na ganda lake ina harufu ya matunda, kama zabibu na maembe yaliyoiva sana, na utamu mzito. Kwa hiyo katika miaka ya karibu baadhi ya wakulima na vyama katika nyanda za juu za kusini wameanza kutenga sehemu ya mavuno yao na kuianika nzima.

Harufu ile hutoka wapi? Mtoto wa Mafinga hana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu, kwa kuwa ameona ulanzi. Wakati wa mvua watu hukata ncha ya mwanzi mchanga na kuyakinga maji yake. Yakinywewa yangali mapya ni matamu. Yakikaa hubadilika, na baada ya siku chache yamekuwa makali, na anywaye hupepesuka. Kilichoyageuza ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vilavyo sukari na kutoa vitu vingine mahali pake. Katika buni mambo ni hayo hayo. Nyama na ute vimejaa sukari, na ganda halijaondolewa. Basi vijidudu huanza kazi mara tu buni inapochumwa, na vitu wavitoavyo hugusa punje iliyo ndani. Kazi hiyo ikiwa ya kiasi, na kukauka kukaifuata upesi na kuikomesha, kahawa hupata harufu ya matunda. Ikizidi, kahawa hunuka siki au kitunguu kilichooza. Na kama unyevu umedumu, ukungu huota, na baadhi ya ukungu hutia sumu katika punje. Nchi za Ulaya huipima sumu hiyo na kuukataa mzigo uliozidi kiasi. Kwa hiyo mkulima anayeanika buni nzima anashindana na muda. Akichelewa ameharibu. Na akiharakisha kwa kuiweka katika jua kali mno, ganda hukakamaa kabla ya ndani kukauka, na punje huweza kupasuka.

Nyanda za juu za kusini zina neema moja katika shindano hilo. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba mpaka Aprili hivi. Buni huiva na kuchumwa wakati wa kiangazi, na siku nyingi mfululizo hupita bila hata tone moja la mvua. Lakini Mafinga yenyewe haina raha kamili. Katika miezi ya baridi ukungu hupanda kutoka katika miteremko ya Mufindi na kufunika nchi, pamoja na manyunyu, jua lisionekane siku mbili tatu.

Na tumtazame mkulima mmoja, kwa mfano, mzee mwenye mibuni mia mbili katika kijiji kisicho mbali na mji huo. Kabla ya mavuno mchuuzi alikuja nyumbani kwake na fedha mkononi, akataka kuinunua kahawa ingali mtini. Huko Kagera biashara hiyo huitwa butura, na Serikali inaikataza, kwa kuwa mwenye shida huuza kwa senti kidogo mali ambayo baada ya miezi michache ingemtoa katika shida ile. Mzee alikuwa na shida kweli. Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni, naye alihitaji godoro, sanduku, viatu na nauli. Hata hivyo alimkatalia mchuuzi, akamwambia apite na kwa heri.

Siku chache baadaye binti wa ndugu yake alikuja kumwamkia. Alikuwa ametoka Mbozi, ambako pana kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, naye alikuwa amejifunza mambo ya mibuni huko.

"Kamwene, baba mkubwa."

"Kamwene, mwanangu. Habari za Mbozi?"

"Njema. Baba mkubwa, nimekuja na neno. Msimu huu tusiimenye kahawa yote. Tuanike nyingine na ganda lake. Chama chetu kimepata mnunuzi anayeitaka."

Mzee akamtazama kitambo. "Nilipokuwa kijana bwana shamba alinigombeza mbele ya watu kwa kuanika buni na ganda. Alisema huo ni uvivu. Leo uvivu umekuwa elimu?"

"Bwana shamba alikuwa na haki. Ile ilikuwa takataka, baba mkubwa. Mimi nasema tuanike zilizo nzuri kuliko zote."

"Zilizo nzuri! Na zikioza?"

"Zikioza tumepata hasara."

Mzee alilipenda jibu hilo, kwa kuwa halikumficha kitu. Wakapatana kwamba watatenga kilo 360 za buni mbivu, na zilizosalia zitamenywa na kuoshwa kama desturi. Hesabu yake ni hii: kilo sita hivi za buni mbivu hutoa kilo moja ya kahawa safi, na gunia la kahawa katika biashara ya dunia ni kilo 60. Sita mara sitini ni mia tatu na sitini. Katika kilo hizo mna buni zaidi ya laki moja na nusu, na kila moja lazima ishikwe kwa vidole.

Kuchuma kulichukua siku nyingi, kwa sababu buni za tawi moja haziivi pamoja. Waliuzunguka mti ule ule mara tatu, mara nne, wakitwaa zile nyekundu tu na kuziacha za kijani zingojee. Wajukuu waliona kazi hiyo ni ya kuchosha, na si vigumu kuwaelewa. Kukwanyua tawi zima kwa mkono mmoja ni rahisi zaidi. Kila jioni buni zilitiwa katika pipa la maji. Nzito zilizama, nyepesi zikaelea, na zile zilizoelea zikatolewa, maana ndani yake mara nyingi punje ni tupu, au imeliwa na mdudu, au imepatwa na chulebuni.

Mafinga haikosi mbao. Mzee alinunua mabanzi kiwandani kwa bei ndogo akajenga vichanja vyenye kimo cha kiuno, ili hewa ipite chini na juu. Binti alimwonya asitandike mabanzi yenye ulimbo, wala asitumie yaliyopakwa rangi au dawa, bali atandike wavu wa waya. Kahawa hunasa harufu upesi. Ikikaa karibu na mafuta ya taa, ngozi za ng'ombe au samaki wakavu, harufu hiyo huingia mpaka kikombeni. Kwa buni nzima yatosha kuweka kilo 15 hivi katika mita moja ya mraba, kwa hiyo kilo 360 zilihitaji mita 24. Waya ulitosha mita 20 tu. Kichanja cha mwisho kikajazwa zaidi ya vingine, kwa maana duka la waya lilikuwa limefungwa siku ile, na mzee hakutaka kurudi mjini kesho yake.

Siku za kwanza ndizo zenye hatari kubwa. Buni zilikuwa zimejaa maji, na nyuki na nzi walikuja kuufuata utamu wake. Zilipinduliwa kwa mikono mara nyingi tangu asubuhi mpaka alasiri, ili isiwepo hata moja inayolala upande mmoja. Zilizobonyea au kuchubuka ziliondolewa. Jua lilipoelekea kutua zilifunikwa zisipate umande, na asubuhi hazikufunuliwa mpaka umande umekwisha juu ya nyasi. Wiki ya kwanza ilipokwisha wekundu uligeuka rangi ya zambarau, ganda likaanza kunyauka, na harufu nzuri ikaenea uani.

Siku ya kumi ukungu ukaja. Siku tatu jua halikuonekana, na manyunyu yalianguka bila kukoma. Walizifunika buni kwa turubai, lakini turubai likilala juu yake huziba hewa, na joto la buni zenyewe hutoka kama mvuke. Basi waliliinua kwa vijiti likawa kama paa, wakazidi kuzipindua chini yake. Usiku wa pili binti alitia mkono katika kile kichanja kilichojazwa mno. Kilikuwa na joto kama unga uliotiwa chachu. Kulipokucha waliona nyuzi nyeupe za ukungu juu ya baadhi ya buni, na nyingine zilikuwa zimeanza kunuka siki.

Mzee alisimama kimya. Kisha akasema, "Si nyingi. Tuzichanganye na zile nzuri. Zikikauka zote zitakuwa nyeusi, nani atajua?"

"Mwonjaji atajua, baba mkubwa. Huweka vikombe vitano vya kahawa ile ile. Punje mbovu moja ikiingia katika kikombe kimoja, kikombe hicho hunuka na vingine havinuki, naye husema mzigo huu si mmoja. Hapo tutakuwa tumepoteza vyote."

Robo nzima, kilo 90 za hesabu ya mwanzo, ikatengwa. Zilizoota ukungu zilifukiwa katika shimo la mbolea. Zile zilizochacha bila ukungu zilianikwa mbali peke yake, zikauzwa baadaye kwa bei ya kahawa duni. Mtu asiyelima ataona ni jambo jepesi, lakini mzee alijua idadi ya miti iliyoingia katika shimo lile, na jioni ile hakula vizuri.

Jua likarudi. Buni zilikaa juu ya vichanja siku 26 jumla, mpaka zikawa nyeusi na kavu. Mkulima hutambua kwa sikio: akizitikisa mkononi zinalia kama njuga. Tena huikoboa moja kwa kidole na kuiuma punje. Ikiwa laini bado, ikiwa ngumu imekaribia. Lakini chama kina chombo cha kupimia unyevu, na hicho ndicho cha kuaminiwa kuliko jino. Buni inapochumwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kahawa ya kuwekwa ghalani yatakiwa ibaki na sehemu 11 au 12 tu katika mia. Za mzee zilipimwa zikawa sehemu 11 na nusu. Zikafungwa katika magunia safi na kuachwa zipumzike majuma machache, ndipo zikapelekwa kukobolewa. Zilitoka kilo 45 za kahawa safi. Gunia halikujaa, na mnunuzi hakutaka gunia pungufu. Wakulima wengine wawili wa chama, waliokausha kwa namna ile ile, wakalijaza. Mkulima mdogo aliye peke yake hawezi kufanya biashara ya namna hii, hata kahawa yake ikiwa nzuri namna gani.

Namna ya kuonja kahawa ni ya kuchekesha kidogo. Punje hukaangwa kidogo tu, husagwa, hupimwa, hutiwa katika vikombe na kumiminiwa maji ya moto. Baada ya dakika nne mwonjaji huinama, huuvunja kwa kijiko ule utando uliopanda juu, na kunusa. Kahawa ikipoa kidogo huchota kijiko na kuivuta kinywani kwa kelele nyingi, kisha huitema. Mtoto akifanya hivyo mezani hupigwa kofi. Mwonjaji hulipwa mshahara kwa kazi hiyo, maana kelele ile huieneza kahawa kinywani na harufu yake ikapanda puani. Hutoa alama katika mia, na kahawa ipatayo 80 au zaidi huhesabiwa kuwa katika daraja la juu. Gunia la wale watatu lilipita alama hiyo. Mwonjaji aliandika kwamba aliona ladha ya zabibu kavu. Mzee aliposomewa aliuliza kama hilo ni kosa.

Bei ilizidi ile ya kahawa yao iliyooshwa, ingawa haikuwa mara mbili kama watu wa mjini walivyokuwa wakidai. Tena zile kilo 15 za kahawa safi zilizopotea katika kichanja kile kimoja zilikula sehemu ya faida. Godoro, sanduku na viatu vilipatikana. Bati la jiko ambalo mzee alilitaka tangu mwaka uliotangulia halikupatikana.

Kwa hiyo si vema kumwambia kila mkulima aiache mashine ya kumenyea. Njia ya kukausha haitaki maji mengi, na hilo ni jambo kubwa katika nchi hii, kwa maana maji machafu yatokayo katika mashine, yakiachwa yaende mtoni, huoza na kuwanyima samaki pumzi. Na vijito vya Mufindi ndivyo viuanzishavyo mto wa Ruaha Mdogo, ambao watu wa Iringa hunywa. Lakini inataka vichanja vingi, na mikono mingi kwa muda wa wiki tatu au nne, na mnunuzi aliyepatana na chama kabla ya buni ya kwanza kuchumwa. Asiye na mnunuzi wa namna hiyo atajikuta na kahawa ambayo sokoni itatazamwa kwa jicho la zamani. Tena ni afadhali aanze na sehemu ndogo, kama mzee alivyofanya, ili hata ikiharibika nyumba isilale njaa.

Wakulima wengi wa kahawa katika Tanzania hawainywi. Wao hunywa chai. Watu wa pwani ndio waizoeao, ambako muuzaji hupita jioni na dele lake la moto na vikombe vidogo. Mzee huyu naye alikuwa amelima mibuni miaka mingi bila kuijua ladha yake. Baada ya fedha kulipwa, binti wa ndugu yake alileta konzi mbili za kahawa ile aliyoibakiza, akaikaanga katika kikaango juu ya mkaa, akaitwanga katika kinu na kuichemsha. Mjukuu aliomba sukari. Mzee alimwambia aonje kwanza bila sukari, naye mwenyewe akanywa polepole mpaka machicha.

"Kweli iko zabibu?" binti akauliza.

"Sijui zabibu," mzee akasema. "Mimi naona ni kama ile harufu ya uani siku zile kabla ya ukungu."

Kisha akachukua msumeno na mkasi wake akaenda shambani, kwa kuwa baada ya mavuno mibuni hupogolewa, na mvua za Novemba zilikuwa karibu.